Mchezaji wa Ridhaa

Watu waliokuja kumzika mdogo wangu Leshan kule Kisaju waliondoka wakinong'ona jambo moja: kwamba baba yetu alipanda juu ya kaburi na kulikanyaga. Ni kweli, alilikanyaga. Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa kanisani, na dada mmoja wa kwaya aliniambia tumwombee mzee, huzuni imemvuruga akili. Mimi ni Naipanoi, dada mkubwa wa Leshan. Naandika haya ili anayeuliza asome na anyamaze.

Leshan alikuwa mtoto wa fimbo. Alipokuwa akichunga ndama alikuwa akipiga ndulele, yale matunda ya manjano yasiyolika, mpaka yanavuka korongo. Mama alikuwa akimkaripia kwamba ataua kuku wa jirani. Hakuua kuku. Alipomaliza kidato cha nne alipata kazi ya kukata nyasi kwenye uwanja wa gofu ulio upande wa Kitengela, na hapo ndipo taabu kati yake na Baba ilipoanza.

Uwanja ule, kabla ya kuzungushiwa waya, ulikuwa malisho. Baba yetu, Tajeu, alilisha hapo tangu utoto wake. Ulipouzwa, waliouza hawakumuuliza yeye wala wenzake, na tangu siku hiyo neno moja la Kiswahili halikukauka mdomoni mwake: ridhaa. Alilijulia kwenye vikao vya ardhi. "Waliuza bila ridhaa," alikuwa akisema, hata kwa mgeni aliyekuja tu kuomba maji.

Kisha ukaja ule ukame mkubwa. Ng'ombe wetu walikuwa wakienda mpaka kwenye waya na kusimama hapo wakitazama kijani upande wa pili. Wengine walianguka hapo hapo na hawakuinuka. Leshan alikuwa ndani ya waya, na mpira wa maji mkononi. Jioni alirudi nyumbani na buti zenye majani mabichi, na Baba akamwambia azivulie nje ya boma. Hakumuuliza tena habari za kazi.

Siku za Jumatatu wafanyakazi waliruhusiwa kucheza. Huko ndiko Leshan alikokutana na Mburu, kijana wa Kitengela aliyezoea kucheza hapo, ambaye kwao wanauza mabati na misumari. Mburu alikuwa na maneno mengi. "Wewe Leshan, unapiga kama unafukuza simba," alikuwa akisema. "Mpira umekukosea nini?" Lakini ni yeye aliyempeleka kwenye mashindano, na Leshan akaanza kushinda.

Nakumbuka jioni moja Julai, Leshan alimwonyesha Baba simu yake. Kulikuwa na mashindano ya gofu ya timu za nchi za Ulaya, vijana wasiolipwa, wa Uswidi, Hispania, Denmark na hata Aisilandi. Baba alitazama kwa muda.

"Ng'ombe wao wako wapi?" akauliza.

"Hakuna ng'ombe hapo, Papa."

"Nyasi yote hiyo?"

"Ni ya kuchezea."

"Na anayeshinda anapewa mbuzi wangapi?"

"Hapewi. Ni heshima ya nchi yake."

Baba alimrudishia simu kama mtu anayerudisha chai iliyopoa. Lakini kitu kimoja kilimshika. Aliona wachezaji wawili wa nchi moja wakipiga mpira mmoja kwa zamu. Leshan akamweleza: huyu anapiga, mwenzake anaendelea pale mpira uliposimama, hata kama ni kwenye miiba. Ukimweka mwenzako pabaya, hakuna kuomba samahani. Yeye anapiga pigo lake tu, na wewe unangoja zamu yako.

"Hiyo ni kuchunga," Baba akasema. "Mimi na ndugu yangu tulichunga hivyo."

Mwaka uliofuata Leshan alichaguliwa kwenye timu ya Kenya itakayokwenda Arusha kushindana na nchi jirani, mtindo ule ule wa Ulaya. Tulisikia kwenye redio, Mama akiwa anachuja maziwa. Mtangazaji akasema, "na mchezaji wa ridhaa kutoka Kajiado, Leshan Tajeu."

Baba aliinua kichwa. "Amesema wa nini?"

"Wa ridhaa, Papa," Leshan akajibu. "Maana yake ni mtu anayecheza bila kulipwa. Anacheza kwa kupenda."

"Ridhaa ya nani? Huyo mtu wa redio ameongea na nani hapa? Mimi sijaridhia."

Mama alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Leshan aliinamisha kichwa. Usiku huo hakula. Aliniambia, "Naipanoi, siendi kama Papa hajanibariki. Nitawaambia wachukue mtu mwingine." Nilimwambia aache mchezo wa kitoto, jina limeshasomwa redioni. Akasema, "Limesomwa uongo, basi. Papa ndiye amesema ukweli." Kwetu mtu hatoki kwenda mbali bila baraka za baba, na Leshan, ingawa alikuwa ameokoka na alikuwa akiomba kuliko sisi sote, hilo hakuliacha.

Mama aliomba, na naamini Mungu alisikia, kwa sababu wiki hiyo Baba alichukua fimbo yake akaenda uwanjani bila kumwambia mtu. Mlinzi alimwita Leshan langoni. "Kuna mzee hapa anasema amekuja kuona nyasi yake."

Baba alisimama nyuma ya Leshan akamtazama akicheza. Kwa pigo la kwanza kijiti chake cha gofu kiling'oa kipande cha nyasi, na mizizi yake, kikaruka mbele. Baba alipiga kelele. Kwetu nyasi hazing'olewi ovyo. Ni chakula cha ng'ombe, na ndizo zinazoinuliwa kuomba amani. Mtoto anayekimbia fimbo aking'oa nyasi na kuziinua, hapigwi tena.

"Ero, kijana! Umeng'oa!"

Leshan alitembea mpaka kile kipande kilipoangukia, akakirudisha kwenye kidonda chake, akakikanyaga polepole kwa mguu mpaka kikalala sawa na vingine.

"Kila mara unafanya hivyo?"

"Kila mara, Papa. Ni sheria. Kinachong'olewa kinarudishwa, kinashika tena."

Baba aliinama akagusa mahali pale kwa vidole. Alirudi nyumbani bila kusema amekubali au amekataa. Leshan akakaa hivyo mpaka siku ya safari, begi limefungwa, moyo haujafungwa.

Asubuhi ya safari Baba alikuwa ametoka na ng'ombe. Leshan alisubiri mpaka Mama akamsukuma, "Nenda Kitengela, mwanangu, gari litakuacha." Akaenda. Haya yaliyofuata aliniambia Mburu, ambaye naye alikuwa kwenye timu. Anasema Leshan alipanda gari la timu, akamwambia kocha kwamba huenda atashukia njiani. Barabara ya Namanga inapita Kisaju, karibu na kwetu. Walipofika, Baba alikuwa amesimama ukingoni mwa lami, ng'ombe nyuma yake, mkono mmoja juu. Mkononi alikuwa na nyasi mbichi.

"Simamisha!" Leshan alipiga kelele mpaka dereva akadhani amegonga mtu.

Walishuka wote. Baba alimtemea Leshan mate ya baraka, akamgusa kichwa kwa zile nyasi, akamtaja Mungu kwa lugha yetu, akasema, "Enkai ikutangulie. Nchi ya watu ukiing'oa, irudishe." Mburu naye akasogea na kuvua kofia. "Mzee, mimi pia. Lakini nitemee kidogo tu, nimeoga." Baba alicheka, cheko ambalo hatukulisikia tangu ng'ombe wafe, akawabariki wote.

Hawakushinda. Siku ya mwisho, Leshan na Mburu walikuwa wakicheza mpira mmoja dhidi ya Uganda. Mburu aliupeleka vichakani, Leshan akautoa vizuri hadi karibu na shimo, na Mburu akakosa pale ambapo mtoto angetia. Kenya ikawa ya pili. Mburu alitaka kuomba msamaha, na Leshan akamkatiza. "Umepiga lako. Twende tukale."

Alirudi, akamletea Baba salamu na shuka ya Arusha. Tangu hapo wawili hao walikuwa wakikaa pamoja jioni. Baba alijifunza kuuliza, "Leo umerudisha ngapi?"

Februari iliyofuata miguu ya Leshan ilianza kuvimba. Tulidhani ni uchovu. Hospitalini Kajiado walituambia ni figo, zote mbili, na zimechoka kabisa. Tulifunga, tuliomba, kanisa lilikesha. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona nilimkuta Baba ameketi kando ya kitanda, ameshika ule mguu uliovimba kwa mikono yake miwili, kama anavyoshika mguu wa ndama aliyevunjika. Leshan alikufa Mei, mvua ikinyesha.

Asubuhi ya kuchimba kaburi, Baba aliwazuia vijana wa jembe. Aliwaamuru wakate nyasi za juu vipande vipande, na mizizi yake, waviweke kivulini chini ya magunia yaliyoloweshwa. Walimtii bila kuelewa. Mchungaji Nzomo alihubiri, tukaimba, udongo ukajazwa. Mburu alikuwa akilia akisema, "Nilikosa, nilikosa pale Arusha," na Mama akamshika bega.

Ndipo Baba alipoondoa magunia. Alivipanga vile vipande juu ya kaburi kimoja kimoja, ubavu kwa ubavu, bila kuruhusu mtu amsaidie. Kisha akavua viatu vyake vya akala, akapanda, akaanza kukanyaga polepole, kwa mguu mmoja, kama alivyomwona mwanawe akifanya. Watu waliguna. Mzee mmoja akamwambia ashuke. Hakushuka mpaka vipande vyote vilipolala sawa.

Mchungaji alimwendea na kumuuliza kwa upole, "Mzee Tajeu, unafanya nini?"

"Mungu amepiga pigo lake," Baba akajibu. "Ameniweka pabaya sana, lakini hakuna kuombana samahani. Mimi nimepiga langu, nimerudisha. Sasa ni zamu yake tena."

Mchungaji Nzomo alivua miwani, akaifuta, akasema, "Amina." Sisi tunaoamini ufufuo tunajua zamu hiyo itafika. Baba hajabatizwa, lakini anaingoja kuliko mimi.

Nyasi zilishika. Zimeota sawa na zile za kando, na mgeni hawezi kuona mahali zilipokatwa. Jioni, kabla ya kuwanywesha ndama, Baba hupeleka huko maji ya kwanza.