Kunde za Mwaka Mpya wa Madame Perla

Bonaventure hakuwa mtu wa jikoni. Tangu alipokuwa mbeba mizigo bandarini Kalundu, kule Uvira, mpaka alipozeekea Toronto, kazi yake kwenye chakula ilikuwa moja: kukila. Kupika alimwachia mkewe Épiphanie. Épiphanie hakulalamika. Alikuwa akisema mume wake akishika mwiko, hata maji yataungua.

Sasa Épiphanie hayupo. Aliondoka duniani wakati wa theluji. Tangu hapo mzee alikaa na bintiye Spéciose katika ghorofa moja la barabara ya Bathurst, na maneno yake yakawa machache kuliko meno yake.

Vuli ya mwaka tisini na saba, majani ya miti yakiwa yameanza kuwa mekundu, mlango uligongwa. Alikuwa Madame Perla wa mlango wa pili. Huyu ni mjane naye, Myahudi aliyezaliwa Meknès, Moroko. Mfupi, mkono umejaa bangili zinazolia, hata wewe ukiwa umelala unajua anapita. Kifaransa ndicho kilichowaunganisha: yeye chake cha darasani, mzee chake cha bandarini.

"Monsieur Bonaventure, mwaka mpya wetu unaingia kesho jioni."

"Heri ya mwaka mpya, Madame."

"Sikuja kutafuta heri. Nimekuja kwa ajili ya kunde."

Mzee alijua. Kwa kina Madame Perla, mwaka mpya ukiingia, kabla ya nyama huja sahani ndogondogo, na kila sahani ina dua yake. Tende, boga, spinachi, kunde. Kunde ni za kuomba mema yaongezeke, kama zenyewe zinavyojaza sufuria ukizitia kidogo. Na tangu wahamie jengo lile, kunde alizipika Épiphanie. Alizipikia jikoni kwa Madame, kwa sufuria za Madame, maana chakula kilichopikwa katika vyombo vya nyumba nyingine dini yao haiwaruhusu. Akimaliza, aliketi nao mezani. Bonaventure hakuwahi kwenda. Jioni zote zile alikuwa Markham akisafisha maofisi. Akirudi nyumbani alikuta sahani yake ya kunde imefunikwa.

"Mkwe wangu Nicole anasema atafungua kopo," Madame alisema. "Kopo! Siku ya mwaka mpya! Nikasema niulize huku. Spéciose, binti yangu, wewe hujui za mama yako?"

"Mimi mwenyewe nafungua kopo, Madame," Spéciose alijibu, akaona haya.

Mzee aliiona ile meza asiyowahi kuiona, na pale mahali pa Épiphanie limekaa kopo. Ikamchoma.

"Nitazipika mimi," akasema.

Spéciose aligeuka. "Wewe? Papa, wewe chai tu unaiunguza!"

"Chai haina mwenyewe. Hizi zina mwenyewe."

Kesho yake alasiri akaenda. Alivaa shati la kanisani, na mfukoni mwa shati mlikuwa na pilipili mbili nyekundu, zile za mviringo, alizonunua duka la Wajamaika. Kunde alizikuta zimelowekwa. Aliponyoosha mkono kwenye jiko, bangili zikalia.

"Acha! Moto nauwasha mimi. Ndivyo sheria yetu ilivyo."

"Na kazi?"

"Kazi ni yako."

Jiko lile lilikuwa kama nchi mbili zenye mpaka. Upande huu vyombo vya nyama, upande ule vyombo vya maziwa. Mzee akafungua droo, akatoa kisu.

"Hicho cha maziwa!"

Akakitupa kama kaa la moto. Madame akampa kingine, akamwonyesha wapi pa kukatia, wapi asiguse hata kwa bahati mbaya. Mzee akakata vitunguu. Alivikata vikubwavikubwa, kama mtu anayepasua kuni.

"Monsieur, hivyo ni vitunguu au matofali?"

"Vitaiva, Madame. Hata matofali huiva."

Madame akacheka, akaenda kuoga kabla wageni hawajafika. Bonaventure akabaki na sufuria. Alijaribu kukumbuka mgongo wa Épiphanie, maana ndio aliokuwa akiuona yeye akiwa amekaa mezani: mgongo unainama, mkono unakwenda. Mafuta. Vitunguu. Nyanya. Saumu. Akatia, akakoroga, akangoja. Kunde zikalainika. Akaonja.

Zilikuwa zimelala. Za Épiphanie hazikulala. Za Épiphanie zilikuamsha mpaka masikio. Basi akatoa pilipili zake mfukoni, akaziweka nzimanzima, zitoe harufu tu. Kisha akakoroga kama anayepiga kasia, zikapasuka zote mbili.

Madame alirudi amevaa gauni jeupe. Akachota kijiko, akala. Akasimama kidogo. Uso ukaiva, akakimbilia bomba la maji.

"Umetia nini humu?"

"Pilipili. Kama za Épiphanie."

"Pilipili? Leo? Leo mezani kwetu hakiwekwi kikali, wala kichungu, wala kichachu, mwaka usije ukawa hivyo! Épiphanie nilimwambia siku ya kwanza kabisa. Hakutia pilipili humu hata mara moja."

"Madame, mimi nilizila. Kila mwaka. Zilikuwa nazo."

Madame Perla akaweka kijiko chini. Akamtazama mzee, sauti ikashuka.

"Basi alikutilia wewe. Nyumbani, kwenye sahani yako."

Bonaventure akageukia dirisha. Huko chini basi lilisimama, watu wakashuka. Akalitazama mpaka likaondoka.

"Mwanamke yule," akasema mwishowe. "Miaka yote ananipikia mara mbili, na hakusema." Mabega yakaanza kumtikisika. Madame alidhani analia, akamsogelea na taulo. Alikuwa anacheka.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mkwe, Nicole, amebeba maua na mfuko. Akaonja kunde kwa ncha ya ulimi, macho yakamtoka. Alitoa kopo mfukoni, akauliza kwa upole, "Kifungulio kiko wapi, Maman?"

Kicheko kikamkauka mzee. Akatazama huku na huku. Akaliona boga. Lilikuwa kwenye bakuli lake, limepikwa kwa sukari na mdalasini, limepondeka lenyewe.

"Madame, nipe lile boga."

"Boga lina dua yake, Monsieur!"

"Tutaliachia la dua. Lililobaki nipe mimi. Kwetu Uvira maharagwe yakizidi pilipili, mama yangu alitia viazi vitamu. Kitamu humshika mkali mkono."

"Dua mbili sufuria moja? Mungu atachanganyikiwa."

"Anasikiliza Meknès na Uvira kwa pamoja, Madame. Boga ndilo litamshinda?"

Bangili za Madame zikalia, akaleta bakuli. Akalitengea boga la dua kisahani, lililobaki likaingia kwenye kunde. Mzee akakoroga, safari hii polepole. Wakaonja wote watatu. Pilipili ilikuwapo bado, lakini imekaa nyuma kama mgeni mwenye adabu. Nicole akalamba kijiko, akachota tena. Kopo akalirudisha mfukoni.

Mishumaa ikawashwa. Bonaventure akaketishwa kati ya Nicole na Élie, kaka yake Madame aliyekuja kutoka Montréal, mtu mnene mwenye sauti ya soko. Sahani zikazunguka. Kila dua mzee hakuielewa, ila aliijua Amina, akaitikia kwa nguvu kuliko wote.

Zikaja kunde. Élie akatia kinywani, akatafuna, akakohoa, akafuta macho, akanywa maji. Mkono ukarudi kwenye sahani.

"Zina maneno hizi!" akasema. "Perla, ndizo zile za Épiphanie ulizokuwa ukinisimulia?"

Nicole akainamia sahani yake. Madame akafungua mdomo, akamtazama mzee, akaufunga. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi.

"Hapana," Bonaventure alisema. "Za Épiphanie zimekwisha. Hizi ni zangu."

Élie akasukuma sahani mbele.

"Basi niongeze za kwako."

"Usimpe nyingi," Madame akasema, "daktari amemkataza!"

"Daktari hayupo hapa, Perla. Mwache mpishi afanye kazi yake."

Mpishi akainuka, akapakua.