Gari Langu la Familia Lilivyoishia Lamboni Mkiwa

Msicheke kwanza. Najua habari hii mmeshaisikia kwa watu wa mnadani, nao wameikoroga vya kutosha, sasa isikieni kwangu niliyeaibika mwenyewe, angalau nitaisimulia ilivyokuwa bila kuongeza chumvi.

Wakati ule wa Mwingereza nilikuwa fundi wa magari Itigi, nimerudi vitani na udereva wangu, na mke wangu Monika alikuwa amekwenda kujifungua kwao, ng'ambo ya Mkiwa, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Masika yakashuka, barabara ikawa uji, na baba mkwe akanitumia maneno: "Mjukuu wangu hapandi lori juu ya magunia ya karanga. Mwambieni atafute usafiri wa watu." Basi mimi, badala ya kungoja kiangazi kama wanaume wenye akili, nikasema nitaunda gari.

Nililijua gari nilitakalo. Magari ya Wazungu yalikuwa ghali, tena ya chini, yakiona tope yanalala. Malori nayo si ya mama na mtoto. Nilitaka gari la mtu wa kawaida: liwe juu, lipite mbugani, libebe familia na mbuzi wao, likivunjika lifungwe kwa kamba ya katani, na hata warina asali wa Rungwa wakiliona watamani kuzunguka nalo porini wanavyotaka. Nikapata lori bovu lililotelekezwa, nikalifupisha chesisi, nikalinyanyua springi, nikalijengea bodi ya mninga (mninga, ndiyo, mbao ya bei kubwa, kichwa kilishanivimba), dereva mbele peke yake, abiria nyuma kwenye benchi. Hapo hata mama mkwe nilimfikiria. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawagusani, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini, na dereva kwa kuwa anawapa abiria mgongo, heshima inabaki mahali pake. Lilikuwa zuri, jamani. Mpaka leo nasema lilikuwa zuri.

Kosa lilikuwa dogo. Asubuhi ya safari nikawaza, mwanangu atakaa nyuma yangu njia nzima nami sijawahi kumwona hata sura, nikabandua kile kioo cha Monika cha kuchania nywele nikakipigilia mbele ya usukani. Basi, ni hicho tu.

Kwenda nilifika bila kukwama (hilo watu wa mnadani hawalisemi). Nikamwamkia baba mkwe, mama mkwe nikamwamkia kwa mbali nimeinamia chini. Shangazi aliyepaswa kumsindikiza Monika alikuwa na homa, kwa hiyo mama mkwe akapanda mwenyewe, kajitanda kanga hadi puani. Njiani kurudi nikamtazama mwanangu Elia kiooni. Ana masikio yangu, maskini.

Tukafika Mkiwa siku ya mnada, watu wamejaa, nikainua macho nimwone mtoto tena, nikakutana na macho ya mama mkwe, mawili, wazi, yananitazama. "Uwiii!" Akavua kanga akairusha akifunike kioo, kioo hakikufunikwa, nilifunikwa mimi. Nikakanyaga nisichokijua, ng'ombe wakatawanyika, mtu akapiga kelele "Breki! Breki!" na nilipojivua ile kanga tulikuwa katikati ya lambo la kunyweshea mifugo, na gari langu la kupita topeni lilikuwa linazama taratibu, halina haraka.

Mama mkwe alisharuka. Amesimama pembeni ya gari, tope magotini, kichwa wazi mbele ya mnada mzima, haendi mbele wala nyuma.

"Mshike mkono!" watu wakapaza sauti.

"Siwezi, ni mkwe wangu!"

"Aaaah!" wakaitikia wote kwa pamoja, wakaelewa kabisa, wala hakuna aliyetaka kuchafua shuka lake amtoe kwa niaba yangu.

Nikafanya nililoweza. Nikang'oa benchi nikamtandikia, uso nimeugeuzia Itigi. Halikufika ukingoni. Nikang'oa mlango. Kisha mbao za ubavuni, kisha za sakafu, kwa nyundo yangu mwenyewe, huku Monika, aliyehamia kiti cha dereva na mtoto mapajani, akinielekeza: "Kushoto kidogo, baba Elia. Mama anasema kushoto."

Mama mkwe akapita juu ya gari langu, ubao kwa ubao, hadi nchi kavu, Monika na mtoto nyuma yake. Lamboni tukabaki mimi, injini na usukani. Mnunuzi mmoja wa ng'ombe akaniuliza kwa upole, "Fundi, na hili linauzwa?"

Mama mkwe akamnong'oneza Monika, naye akaniambia kwa sauti: "Mama anasema tunarudi naye kwetu, mimi na Elia. Aibu hii ipoe kwanza."

"Itapoa lini?"

Akanong'onezwa tena. "Anasema usimwulize yeye, waulize hawa." Akanionyesha watu wa mnadani.

Nilipeleka kondoo wa kufuta aibu, kwa mkono wa watu, maana mwenyewe sikuthubutu kukanyaga pale. Tangu siku ile sijaunda kitu chenye magurudumu, hata toroli, na sitaunda. Watu wa Mkiwa hawakuchoka kucheka masika yale wala kiangazi kilichofuata. Monika alirudi kwa miguu baada ya masika mengine, na Elia naye akaingia mlangoni kwangu kwa miguu yake mwenyewe, akaniona, akakimbilia nyuma ya mama yake akilia, maana hakunijua.