Mwizi wa Cherehani

Nilianza kuandika hadithi kwenye simu nikiwa nauza vitenge sokoni Kikula. Kila Jumamosi niliweka sehemu moja mtandaoni, na kila Jumamosi mtu alikufa: huyu kwa sumu, yule kwa ajali, mwingine kwa uchawi. Mwanzoni watu walinifuata. Walipopungua, nikaongeza maiti.

Mama mmoja jirani yangu, muuza samaki wa ziwa Tshangalele, ndiye aliyenipasulia ukweli.

"Weye unauwa bantu mbele tubayue," aliniambia. "Sasa tutabalilia namna gani?"

Nilinuna siku mbili. Kisha nikakubali kwamba kweli niliwaua watu kabla msomaji hajawajua wala kuwapenda. Nikaanza hadithi mpya, na ndani yake nikaweka kitu kimoja kilichokuwa kinaniuma mwenyewe: madada wawili na cherehani ya marehemu mama yao. Mkubwa aliichukua siku ya pili baada ya mazishi, bila kumwambia mtu. Mdogo akamwita mwizi mbele ya waombolezaji. Miaka minne hawakusalimiana. Swali la hadithi lilikuwa hilo tu: je, mmoja wao atabisha hodi?

Hakufa mtu, lakini sokoni hapakukalika. Wanawake walikuwa wakinijia kabla sijafungua meza. "Asimusamehe!" "Amusamehe, ni damu yake!" Nilifurahi, maana mdogo alikuwa mimi, na wengi walikuwa upande wangu.

Halafu asubuhi moja yaya, dada yangu mkubwa, akasimama mbele ya vitenge vyangu. Simu ilikuwa mkononi mwake.

"Umeandika nilifurahia kuibeba ile mashini," alisema. "Nani alikuambia nilifurahi?"

Akavuta kiti, akakaa, akanieleza. Usiku wa matanga aliwasikia wajomba zetu wakipanga kuichukua cherehani pamoja na vitanda. Akawahi yeye. Alikuwa amekusudia kuniambia siku ileile, lakini nikamwita mwizi kwanza, na aibu ikamziba mdomo.

"Kwa nini hukuja kunieleza baadaye?"

"Na weye, mbona hukuuliza?"

Tulilia pale pale, wateja wakitupita. Nilipotulia nikamwomba ruhusa niandike upande wake. Akafuta machozi. "Andika. Lakini usinifanye malaika. Nilikuwa na kasirani pia."

Jumamosi ile nilimwacha dada mkubwa aseme. Sikuwahi kupata wasomaji wengi kama siku ile, wala ugomvi mtamu kama ule, kwa sababu sasa wote wawili walikuwa na haki na kila mmoja alikuwa na cha kupoteza. Hata muuza samaki hakujua amtetee nani.

Siku hizi yaya hunisomea sehemu mpya kabla sijaituma. Jana aliacha kusoma katikati, alipofika kwa mwanamume niliyemfanya mwovu mtupu. "Huyu bwana unamuonea," alisema. "Muulize naye anaogopa nini." Nikafuta ukurasa mzima, nikaanza kumuuliza.