Malkia Mdomoni mwa Mtoto

Mwalimu alipolifuta jina langu ubaoni kwa kiganja, nilichukua chaki nikaliandika tena, kubwa kuliko mwanzo. Akafuta. Nikaandika. Binti yangu alikuwa mgongoni, nimemfunga kwa khanga, anacheka maana aliona tunacheza. Mwalimu alipoona sichoki, akanishika mkono wenye chaki. Hapo uvumilivu wangu ukaisha.

"Niachie mkono."

"Mama Fulani, tulia. Una mtoto mgongoni."

Hakusema Fulani. Alitaja jina la binti yangu, kama mtaa mzima unavyoniita, ila jina hilo ni la mwenyewe na sitalitoa hapa.

"Si umesema mtoto ndiye aliyenishindia? Basi mwandike yeye. Aende Arusha na nepi yake."

Wanaume wakaangua kicheko. Mimi sikuwa natania.

Tulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, Bagara, ambalo klabu yetu ya chesi huliazima Jumamosi. Chesi ndiyo ile ambayo redioni wanaiita sataranji. Ubaoni palikuwa na majina ya timu ya mji itakayokwenda kushindana Arusha, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu. Nilikuwa nimeishinda muda huo huo, watu wakiona. Lakini mwalimu, mstaafu wetu, ndiye mwenyekiti, ndiye mwamuzi, na ndiye mwenye chaki.

Mjini wanasema nilifanya fujo. Ni kweli, nilifanya. Ila fujo ya ubaoni ni ndogo mno ukilinganisha na ninayofanya mezani, na ile ya mezani nilijifunza kwa jasho.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa baba. Kwetu ni Singe, baba analima mahindi na maharage, na jioni akishanawa miguu alikuwa anatoa ubao wa drafti. Kete zetu zilikuwa vizibo vya soda, zake chali, zangu kifudifudi. Kwenye drafti kula ni lazima. Ukiwekewa kete ya kula, unakula, upende usipende. Baba alikuwa ananilisha kete moja nakula, ananilisha nyingine nakula, halafu kete yake inaruka juu ya zangu kama panzi mpaka mwisho wa ubao.

"Umeshiba?" ananiuliza.

"Bado, baba."

"Haya, panga tena."

Chesi nilikutana nayo sekondari, na klabuni nilianza kwenda nikiwa na mimba. Mwalimu alinipokea vizuri, sitasema uongo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanivutia kiti. Akaanza kunifundisha chesi yake. "Jenga kwanza, mwanangu. Linda mfalme. Funga milango yote, kisha subiri mwenzako achoke." Anacheza kama mtu anayejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, tofali juu ya tofali, na mpinzani anazeeka mbele yake.

Nilijaribu kucheza hivyo. Binti yangu alipozaliwa, nikaona haiwezekani. Chesi ya kusubiri ni ya mtu mwenye wa kumwachia mtoto. Mimi sina wa kumwachia. Baba yake yuko barabarani na lori, mama yangu yuko shambani, na chumba changu cha Nangara kina mimi na yeye. Nakaa mezani mtoto amelala, najenga, nalinda, nafunga milango, na mara tu nafasi nzuri inapofunguka, huyo ameamka analia. Nanyonyesha kwa mkono mmoja, nacheza kwa mwingine, kichwa kimegawanyika, napoteza. Wiki inayofuata hivyo hivyo. Na mtu anakuja kuniambia kwa upole: "Dada, ungepumzika kwanza mtoto akue."

Akue! Mimi nisimame nimsubiri?

Nikaamua mfalme wao afe kabla binti yangu hajaamka.

Basi kila alipokuwa ananyonya, mimi nilikuwa na simu mkononi, natatua mafumbo kwa kidole gumba: mfunge mfalme kwa hatua mbili, mfunge kwa hatua tatu. Mwanzoni nilikuwa nakosea mpaka natamani kuitupa simu. Kisha macho yakabadilika. Niliacha kuhesabu kete nilizonazo, nikawa nahesabu vyumba vya ubao ambavyo mfalme wa mwenzangu anaweza kukimbilia. Kila zamu yangu ilianza na swali moja: nampiga cheki wapi, yaani namtishia mfalme kutoka chumba gani? Nikishajibu hilo ndipo naangalia mengine. Na nikaona jambo ambalo hakuna kitabu kingeniambia.

Wanaume wa klabu yetu wote wametoka kwenye drafti za vijiweni. Ukiwauliza, watakwambia kwenye chesi kula si lazima. Hilo wanalijua kwa mdomo. Mkono haujui. Ukimwekea askari mbele, mkono umeshafika kabla kichwa hakijafikiri. Mara ya kwanza nilipomwacha farasi wangu waziwazi mbele ya fundi simu mmoja wa pale stendi, kijana mwenye mdomo, alinionea huruma.

"Mama mtoto, umemsahau farasi wako hapa."

"Sijamsahau. Kula."

"Nikila utalia."

"Kula, kaka, chakula kinapoa."

Akala. Askari wake aliyekuwa anaziba mlango wa mfalme akawa ameondoka kwenda mezani, mlango ukabaki wazi, nami nikaingia na malkia na ngome. Binti yangu hakuwa hata amegeuka upande wa pili. Tangu siku hiyo nikawa nawalisha tu. Waliniita Mama Lishe, na mimi nililipenda jina hilo.

Mwalimu hakulipenda. "Hiyo ni kamari," alisema. "Fujo za kijiweni."

"Si nimeshinda, mwalimu?"

"Kushinda si kila kitu."

"Kwani ubaoni huwa unaandika nini, tabia?"

Alinitazama kama mwanafunzi aliyechelewa shule. "Arusha hawali ovyo kama hawa," alisema. "Utawapa farasi, watakuacha naye, kisha utarudi hapa umetuaibisha." Neno hilo lilinikaa moyoni. Naliandika hapa kwa sababu ndilo lililonifanya, siku ya kugombea nafasi ya mwisho, nikae mezani nikiwa nimedhamiria kucheza kama mwalimu anavyotaka.

Mpinzani alikuwa yule yule fundi simu. Safari hii mtoto hakulala kabisa, nikampakata. Mikono ilikwenda yenyewe kwenye mashambulizi, lakini kichwa kiliivuta nyuma. Tulifika mahali mfalme wake amejibana kwenye kona, ngome yake chumba cha pili kando yake, askari wake mbele, na farasi wangu amewakaribia kabisa. Nikapanga nimrudishe farasi kwa cheki, abadilishwe na ngome, nishinde taratibu, tofali juu ya tofali. Nilikuwa ndiyo nanyoosha mkono.

Binti yangu akamkwapua malkia wangu, akamtia mdomoni.

Darasa zima kicheko. Nilimtoa malkia, nikamfuta mate kwa khanga, nikamrudisha mahali pake. Mwalimu akaja mezani.

"Imeguswa," alisema. "Kete ikiguswa inachezwa. Malkia lazima acheze."

"Mwalimu, ni mtoto!"

"Umekuja naye mwenyewe. Mkono wake ni mkono wako."

Fundi simu alikuwa anatabasamu mpaka magego. Haya, malkia acheze. Nikaacha kutafuta pa kumficha, nikauliza swali langu la zamani: nampiga cheki wapi? Nikapaona. Ubavuni kwa mfalme, chumba kile kile kinachotazamwa na farasi wangu. Nikamweka malkia pale, bado ana unyevu.

"Cheki. Kula."

"Asante kwa chakula, Mama Lishe," alisema, akamla kwa ngome.

Hata angetaka kuacha asingeweza. Mfalme wake hakuwa na ruhusa ya kumgusa malkia kwa sababu ya farasi wangu aliyemlinda, na pa kukimbilia hapakuwepo. Chesi ilikuwa imegeuka drafti ya baba: kula ni lazima. Ngome ilipokaa pale, mfalme alikuwa amezibwa pande zote na watu wake mwenyewe. Farasi wangu akaruka. Meti, mfalme amekwisha.

"Umeshiba?" nilimuuliza.

Fundi simu alitazama ubao, akatazama dari, akanipa mkono. Nakiri, alinipa mkono kiungwana. Jina langu likaandikwa. Kisha mwalimu akairudia ile kona kwa macho, akasema mchezo haukubaliki. Mchezaji amepata msaada kutoka nje. Malkia alichaguliwa na mtoto. Na kiganja kikaenda ubaoni.

Yaliyofuata nimeshayasema.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa afisa michezo wa mji, mtoto mgongoni. Alinisikiliza, akakuna kidevu. "Mama, haya mambo ya mchezo, si mngeyamaliza hukohuko?"

"Hukohuko mwamuzi ndiye mwenyekiti. Nipe karatasi."

Nikaandikia kwenye benchi la nje. Nilirudi ndani, nikasubiri mpaka nilipoona muhuri umegongwa kwenye nakala yangu. Niliandika hivi:

"YAH: MALALAMIKO DHIDI YA UAMUZI WA MWENYEKITI WA KLABU YA CHESI

Mimi ni mwanachama wa klabu tajwa. Nilishinda mchezo wa kugombea nafasi katika timu ya mji, na ushindi wangu umefutwa. Katika mchezo huo huo mwenyekiti aliamua kwanza kwamba mkono wa mtoto wangu ni mkono wangu, nikalazimika kumchezesha malkia. Nilipomchezesha nikashinda, aliamua kwamba mkono wa mtoto wangu si mkono wangu.

Naomba achague mmoja. Kama ni wangu, sikusaidiwa na mtu, na nafasi ni yangu. Kama si wangu, malkia hakuguswa, na kete zipangwe upya kama zilivyokuwa, zamu ikiwa yangu, mtoto akiwa mapajani pangu.

Nitacheza hatua ile ile."