Radieta ya Chumba cha Mbele

Ellis Haworth alikuwa fundi bomba wa mdomo. Kwa mikono ilikuwa habari nyingine. Kozi ya miaka miwili aliiacha katikati, kwa sababu ambazo alizieleza vizuri mpaka yeye mwenyewe akaanza kuziamini. Tatizo ni kwamba Bibi Winifred, aliyemlea, alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kuwa mjukuu wake ni fundi, na Ellis hakuona sababu ya kumwaibisha mtu mzima kwa kusema ukweli.

Wiki tatu zilizopita Bibi aliteleza uani akimfukuza paka wa jirani. Akavunjika nyonga, akawekewa ya chuma. Hospitali ilikuwa tayari kumruhusu arudi nyumbani Accrington, Uingereza, ila asipande ngazi. Kwa hiyo kitanda kikashushwa chumba cha mbele, na leo saa nane mchana angekuja Bi Shazia, mtaalamu wa hospitali, kukikagua. Sharti lake moja lilikuwa halina mjadala: chumba kifike digrii kumi na nane. Kisipofika, Bibi anapelekwa makao ya wazee kule Burnley, kwa muda tu.

"Kwa muda tu," Bibi alimwambia Ellis kitandani hospitalini, akimkazia macho. "Doreen wa nyumba namba tisa alikwenda kwa muda tu. Amerudi kwenye picha ya karatasi ya mazishi. Nirudishe kwangu, we mtoto."

Ellis akaapa. Kuapa ndicho kitu alichofuzu.

Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, Novemba, na radieta ya chumba cha mbele, lile bamba la chuma la kupashia chumba joto kwa maji moto, ilikuwa baridi kama kaburi la tajiri. Nyingine tano zilikuwa moto. Hiyo moja, imebandikwa ukutani chini ya dirisha, inamtazama tu. Kipimajoto kilisema kumi na moja.

Mtaani kwao kila mtu anajua radieta baridi ina ugonjwa gani: hewa iliyonaswa ndani. Kila jikoni kuna droo yenye mishumaa ya keki, betri zilizokufa na kifunguo kidogo cha shaba cha kutolea hewa. Ellis akakichukua, akakizungusha pembeni juu ya radieta, akasubiri ile sauti ya kupumua. Haikupumua. Ilimtemea maji meusi shati zima.

Mtu mwenye akili angesimama hapo, kwa kuwa maji yakitoka hewa haipo. Ellis aliwaza kwa undani zaidi. Aliwaza kwamba huenda hewa imejificha kwenye radieta nyingine. Akapanda juu na sufuria, akazikamua zote moja moja, kwa uso wa daktari bingwa. Alipomaliza ya bafuni, akasikia boila, mtambo wa kuchemshia maji hayo, ikikohoa jikoni mara mbili, kisha kimya. Alikuwa ametoa maji mengi hadi presha ikaanguka, boila ikajizima.

"Hongera," alijiambia. "Ulikuwa na radieta moja baridi. Sasa unazo sita."

Kurudisha presha alijua. Hilo walifundishwa siku ambayo mvua ilimzuia kutoroka darasani. Chini ya boila kuna mpira wa kuingizia maji. Unafungua koki, unatazama mshale wa geji ukipanda, unafunga. Ellis akafungua. Simu ikalia. Rafiki yake alitaka kujua kama Jumamosi wanakwenda mpirani, na swali hilo lilihitaji dakika nne.

"Ellis! We Ellis!" Maureen Entwistle, jirani, alikuwa amening'inia juu ya ukuta wa uani akiwa na rola za nywele kichwani. "Mwanangu, ukuta wenu unakojoa!"

Mshale ulikuwa umepita tatu na bomba la usalama lilikuwa linamwaga maji nje kwa raha zake. Ellis akakimbia, akafunga koki.

"Ni kawaida, Bi Maureen. Ni hatua ya pili."

"Na hatua ya tatu ni ipi, kipenzi? Niwapandishe wanangu ghorofani wasizame?"

Akapunguza presha, boila ikawaka, radieta tano zikarudi kuwa moto. Ile ya sita ilibaki na msimamo wake. Saa sita unusu. Kipimajoto kumi na moja na nusu, na hiyo nusu Ellis alishuku ni pumzi yake mwenyewe.

Angeweza kumpigia fundi wa kweli, lakini wa kweli wote walikuwa na foleni ya siku tatu, kwa kuwa Accrington nzima huwasha joto wiki ile ile moja, baridi ikishazidi, baada ya kila mtu kuona aibu kuwa wa kwanza. Akakaa kwenye kitanda cha Bibi, akaitazama ile radieta, akafanya jambo ambalo kwa miaka miwili alilikwepa. Alimpigia Bibi amwambie ukweli.

"Bibi, chumba cha mbele hakipati joto. Na mimi sijui kwa nini."

Nesi akasikika akikokota kitoroli.

"Hujui?"

"Sijui. Kozi sikumaliza, Bibi. Niliishia nusu."

"Hilo najua, mpumbavu wewe. Barua ya chuo ilikuja kwangu. Nilikuwa nangoja uone haya." Akakohoa. "Sasa nisikilize. Kile kichwa cha plastiki chenye namba kwenye hiyo radieta, nilikizungusha hadi sifuri siku jeneza la babu yako lilipotoka humo. Sijakigusa tena. Chumba cha wageni, na wageni wenyewe ni nani? Nipashe joto makochi?"

"Nimeshakiweka tano, Bibi."

"Miaka saba kimekaa sifuri. Hata mimi ukinikalisha miaka saba siinuki kwa kuambiwa tano."

Ellis aliganda. Pini! Chini ya kichwa kile kuna pini ndogo. Ikishuka inaziba maji, ikipanda inayaruhusu. Ikikaa chini miaka, inang'ang'ania. Somo la wiki ya pili, mwaka wa kwanza. Alikuwepo. Alikuwa nyuma anakula chipsi.

Akakifungua kichwa kwa spana. Pini ilikuwa imezama, imekauka. Akaipaka mafuta, akaigonga ubavuni taratibu kwa mpini wa mwiko, akaibana kidogo kwa plaizi huku akiomba, maana ukiivuta kwa pupa inachomoka na chumba kinageuka bwawa. Ikashuka kidogo. Ikapanda. Akagonga tena. Ikaruka juu, tik, na bomba likaanza kunguruma kama tumbo la mtu aliyesikia harufu ya chakula.

Bi Shazia alifika saa nane kasoro dakika tano, akakuta kijana mwenye shati jeusi amekumbatia radieta. Kipimajoto kilisema kumi na sita.

"Inapanda," Ellis alisema haraka. "Naapa inapanda. Chai? Kuna na biskuti. Kunywa pole pole."

Bi Shazia akanywa vikombe viwili. Akapima milango, akakandamiza godoro, akauliza choo kiko wapi. Saa tisa kasoro robo akainama tena kwenye kipimajoto.

"Kumi na nane." Akaandika. "Kumbe wewe ndiye yule mjukuu fundi? Bibi yako ameisimulia wodi nzima."

"Nilisoma nusu tu, dada."

"Nusu ipi?"

"Ile ya kubomoa."

Bi Shazia alicheka hadi akaharibu sahihi yake, akaiandika upya, na chini yake: Alhamisi, nyumbani.

Ellis akapiga simu hospitali kabla mlango haujafungwa vizuri. "Bibi, Alhamisi unarudi!"

Upande wa pili mtu alipenga kamasi kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo hiyo radieta inawaka sasa hivi?"

"Inawaka, Bibi. Moto kweli kweli!"

"Na leo ni Jumanne. Nani yuko humo ndani? Izime, uvae sweta."