Tairi Mbili Mpya

Mimi kutulia sijui. Mwaka ule wa lile gari ndio nilizidi. Nilikula nimesimama, nikaongea huku natembea, na ibadani mguu wangu uligonga sakafu mpaka mke wangu akawa ananibana goti.

Nilikuwa fundi katika gereji moja ya Ruti, pale Mbarara, njia ya Kabale. Nyumbani ni Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako mvua ikinyesha yanapita magari makubwa ya mashirika ya misaada tu, na sisi tunayapungia mkono. Hilo lilinikera kuliko njaa. Nikajiapiza kutengeneza gari dogo la saluni ambalo mkulima wa maharage angelimudu, lenye mbio, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Bodi nilitoa kwenye gari lililopinduka, injini kwenye jingine, vyuma vya kuvuta nyuma kwenye la tatu. Nililifunga na kulifungua nyuma ya nyumba yangu Juru, hata sikumbuki mara ngapi. Siku lilipopanda kilima chenye matope bila kuteleza, nilipiga kelele peke yangu kama kichaa.

Mwenye gereji, Mnyankole asiye na maneno mengi, ndiye mwenye vyuma vyote, na aliweka sharti. Litoke Juru lifike Ruti bila kusukumwa, tutatengeneza mengine na mimi nitakuwa mshirika wake. Likishindwa, analiuza vipande vipande.

Jumapili kabla ya safari nililipeleka kanisani Juru liombewe. Akina mama wa kwaya wakaingia wanaimba, wamejitwika tairi mbili mpya. Walikuwa wamelima mashamba ya watu ili wazinunue.

"Tuliona pine zako zimechakaa," kiongozi wao akaniambia. "Mutoto wetu hawezi kwenda kupata haya ku Mbarara. Uzifunge sasa hivi, tuone na macho."

Kwetu zawadi hutumika mbele ya aliyeitoa. Lakini gari la aina ile halitaki tairi zilizopishana ukubwa. Mpya ni kubwa kidogo kuliko iliyolika. Za mbele zinazunguka hivi, za nyuma vile, na kisanduku cha katikati kinachogawa nguvu kinachemka mpaka kinaungua. Nilijua hayo yote. Nikapiga jeki, nikazifunga mbele, wakapiga vigelegele. Nilijiambia nitazitoa nikifika mbali kidogo.

Kesho yake mwenye gereji akaja Juru, akaketi kando yangu. Mama kiongozi, ambaye naye alikuwa na safari ya Mbarara, akaketi nyuma yangu. Ningezitoa saa ngapi? Njia nzima nilikuwa nanusa hewa. Kwenye kona usukani ulikuwa mzito, na chini kulinguruma. Mama anaimba. Nilitaka kusimama, nikakanyaga mafuta. Kabla hatujaiona lami, harufu ya kuungua ikajaa ndani, gari likakwama katikati ya mlima na kugoma kabisa.

Mwenye gereji akashuka, akachungulia chini. "Fundi, nini imeharibika? Si ulisema hii gari iko na nguvu?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Yeye pia ni fundi. Angeelewa, na pengine angenipa kisanduku kingine nijaribu tena. Mama alikuwa amesimama hatua mbili tu, anatusikiliza. Nilijichukia, nikawachukia wote wawili.

"Kosa ni yangu, bosi. Nilifunga vibaya."

"Basi, imekwisha," akasema. Akatoa simu kutafuta lori la kulivuta.

Nilizunguka lile gari kama mara kumi, sina la kufanya. Mama akanishika mkono, akanisimamisha. Kisha akainama, akafuta tope kwenye tairi kwa ncha ya kitenge chake, akazipapasa moja moja.

"Usilie, mwanangu. Angalia, pine zetu hazina hata alama. Utazifunga ku gari ingine."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Zenyewe zimetumika muzuri sana."