Majivu ya Mama Mihayo

Mama Mihayo, mhudumu wa ofisi ya kata yetu huku nje ya mji wa Geita, hakupendwa, na mimi Fredy nilikuwa wa kwanza kutompenda. Saa kumi na mbili asubuhi anapandisha bendera, saa kumi na mbili jioni anaishusha, na mara zote mbili anapuliza filimbi, barabara nzima isimame. Ukijifanya una haraka, unalo. Siku moja nilipita na pikipiki bila kusimama, nimebeba kiroba cha udongo. "Bebe Fredy!" akafoka, "wewe" hiyo kwa Kisukuma chake. "Hata punda wa mama yangu ana adabu kukuzidi!" Watu walinicheka mwezi mzima. Nilimchukia.

Sasa, wiki ile nilikuwa nimeibiwa. Kwenye mwalo wangu, pale tunapooshea udongo, dhahabu hunasa kwenye vitambaa tunavyotandika. Kitambaa kikichakaa hakitupwi. Kinachomwa taratibu, majivu yanaoshwa kwenye karai, na mwenye bahati anaondoka na jasho lake lote. Changu cha miezi minne kilikuwa kimetoweka.

Mchana mmoja nikaona moshi nyuma ya ofisi ya kata. Mama Mihayo alikuwa peke yake. Alikuwa amefyeka nyasi kavu zote, ndoo ya maji iko pembeni, shimo limechimbwa, na ndani ya beseni la bati kitambaa kinamalizikia kuungua. Alikuwa anakikinga na upepo kwa kanga yake ili majivu yasipeperuke. Mtu anayechoma takataka hahangaiki hivyo. Huku kwetu anayelinda majivu ni mtu wa aina moja tu.

Nikapiga yowe la mwizi. Muda si mrefu wachimbaji wakajaa, wengine na mitarimbo mkononi.

"Leta majivu yangu," nikamwambia. Hata shikamoo sikumpa.

"Ni bendera," akajibu. "Ile ya zamani, imechakaa. Mtendaji kaniagiza niichome kwa heshima, majivu niyafukie. Ondokeni hapa."

"Bendera si ile pale?" Nikaonyesha mlingoti, ambako mpya ilikuwa inapepea. "Unatufanya watoto?"

Watu wakacheka kwa ubaya. Masudi, jirani yangu wa mwaloni, akasema apigwe kwanza, maswali baadaye. Mama Mihayo akalikumbatia beseni likiwa bado la moto. Nilisikia harufu ya ngozi inaungua, naye hakuliachia. Nikamnyang'anya.

Mtu akaleta karai. Nikamwaga majivu humo na kuyaosha kwa maji yake mwenyewe, yale aliyoyaweka kwa tahadhari ya moto. Nikazungusha, majivu mepesi yakamwagika chini, watu wakayakanyaga wakisogea kuona. Kitu cha njano kikang'aa kwenye karai.

"Dhahabu!" Masudi akapiga kelele.

Ilikuwa pete ya shaba. Ya pili ikafuata. Ni zile zinazopitishwa kamba ya bendera, na kila aliyewahi kusimamishwa na filimbi yake alizijua.

Wakatawanyika mmoja mmoja, utadhani walikuwa wanapita njia tu. Nikabaki na karai mkononi, nasubiri matusi. Mama Mihayo hakunitazama. Akapiga magoti, akakwangua lile tope la majivu kwenye nyayo zetu kwa mikono iliyobabuka, akalitia shimoni na zile pete mbili, akafukia.

Siku hizi hapulizi filimbi. Anapandisha bendera ametugeuzia mgongo, mikono ina makovu hadi kwenye viwiko. Barabara inasimama yenyewe, nami nazima pikipiki. Akimaliza namwamkia, "Shikamoo, mama." Haitikii. Ananipita na kamba yake mkononi, na mimi mtu mzima natamani anitukane.